Sauti ya Lucius

Kwa misimu miwili mizima Roscoe Pettway alimcheka jirani yake bila huruma, na kwa misimu miwili mizima hakuna mtu mtaani Heron Glen aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba anajicheka mwenyewe.

Katuni yenyewe iliitwa Nyasi Fupi, na aliyeitunga alikuwa mwana wa pekee wa Roscoe, Thaddeus, au Thad. Ilihusu familia ya watu weusi iliyohama katikati ya Atlanta na kununua nyumba ya matofali nje ya jiji, kule ambako kila nyumba ina gereji ya magari mawili, na kamati ya wenye nyumba hupita na rula kupima urefu wa majani. Baba wa familia hiyo, Lucius, alikuwa kioja. Alivaa tai kwenda kutoa pipa la taka. Gari la polisi likipita wakati anamwagilia maua, aliangusha mpira wa maji akainua mikono yote miwili juu, halafu akaanza kupunga, kana kwamba tangu mwanzo alikusudia kusalimia. Simu ikilia, ile sauti yake nzito ya Georgia kusini ilikimbia kujificha, ikatoka nyingine laini, ya puani, kama ya mtu anayetangaza hali ya hewa.

Roscoe alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Kila Jumapili baada ya ibada alikaa na mkewe Verdell kutazama kipindi walichorekodi, na kila Jumapili alisema neno lilelile.

"Huyu ni Hollis mtupu. Mtoto amempiga picha."

Hollis Crump alikuwa shemasi wa kanisa lao la Baptisti, nyumba ya tatu mkono wa kushoto. Ni kweli kwamba Hollis alipenda majani yake kuliko baadhi ya wajukuu zake. Lakini Hollis alitoa pipa la taka akiwa na kaptura na soksi, wakati Roscoe alitoa lake na tai, mwaka nenda mwaka rudi, na mtaa mzima ulimwona. Hollis alijua Lucius ni nani tangu siku ya kwanza. Kinyozi alijua. Kwaya nzima ilijua. Verdell alijua kabla wimbo wa kufungulia haujaisha, akamuuliza mumewe taratibu kama kweli anaona ni Hollis. Roscoe akamjibu, nani mwingine? Verdell akainuka kwenda kukoroga chungu chake, na tangu siku hiyo hakuuliza tena.

Isidhaniwe kwamba Roscoe alikuwa mjinga. Alianza kazi kwenye kampuni ya simu kwa kupanda nguzo, akamaliza akiwa na ofisi yenye dirisha, na njiani kote huko alijifunza mambo ambayo mtu mweusi hujifunza akitaka kufika kwenye dirisha. Tai ilikuwa mojawapo. Sauti ilikuwa nyingine. Alizivaa kwa muda mrefu hata akaacha kuziona, kama mtu anavyoacha kuona miwani yake puani. Kwake hiyo ilikuwa adabu tu, na adabu haichekeshi.

Kisha yule mwigizaji aliyekuwa sauti ya Lucius akagombana na studio, akaondoka msimu wa tatu ukiwa nusu. Walijaribu wengine, wakashindwa. Mmoja alikuwa mchungaji mno, mwingine alikuwa jambazi mno, na wa tatu, kama alivyosimulia Thad, alikuwa kama mtu anayemwigiza mtu aliyewahi kusikia habari za mtu mweusi.

Walikuwa katika hali hiyo Roscoe alipoalika watu uani kwake kuchoma nyama, sikukuu ya mwisho wa Mei. Thad alikuja na mwongozaji wake, Tamsin Boykin, mwanamke mrefu, mtaratibu, aliyelelewa vizuri: kabla hajagusa saladi ya viazi aliuliza kwa sauti ya chini nani ameitengeneza, maana saladi hiyo hailiwi bila kuujua mkono wa mpishi, na alipoambiwa ni Verdell mwenyewe ndipo akajipakulia. Roscoe alikuwa kwenye moto anageuza mbavu. Watu wakamchokoza atoe ile sauti ya Lucius. Akaitoa. Akamwigiza Lucius akimpigia simu mwenyekiti wa kamati kuomba ruhusa ya kupanda nyanya, akabadilisha sauti katikati ya sentensi, akarudi, akabadilisha tena. Tamsin akaweka sahani chini.

"Mzee wangu, hiyo sauti umeitoa wapi?"

"Namwiga jirani," alisema Roscoe.

Hollis alikuwa amesimama papo hapo na ubavu mkononi. Alikohoa, akatazama mawingu.

Thad alikataa baba yake awe Lucius kabla hata hajaombwa. Alisema kazi hiyo si ya kuchezea, kuna chama cha waigizaji, kuna kukaa ndani ya chumba kisicho na hewa. Alisema mengi, na kila alilosema lilimwingia babaye kama mwiba, maana Roscoe hakuwa ameomba kazi, lakini sasa alikuwa amenyimwa.

"Unaona aibu baba yako akifika kazini kwako?"

"Siyo hivyo, Baba."

"Basi ni vipi?"

Thad alimtazama mama yake, mama yake akatazama saladi. Tamsin akasema Alhamisi, saa nne asubuhi, na jambo likawa limekwisha.

Alhamisi hiyo Verdell ndiye aliyeendesha gari kwenda mjini. Roscoe alikuwa na tai ya buluu na viatu vya kanisani. Njiani mkewe alimwambia kwamba akikutana na jambo lisilompendeza kwenye zile kurasa, akumbuke kwamba mtoto anampenda. Roscoe akashangaa. Jambo gani lisimpendeze? Wa kununa alikuwa Hollis. Verdell akakaza macho barabarani, akaendesha.

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo kama kabati la nguo, kuta zimefunikwa sponji. Upande wa pili wa kioo walikaa Thad, Tamsin na fundi mitambo kijana aitwaye Dewitt. Roscoe alivaa hedifoni, akajikohoza, akasoma mstari wake wa kwanza. Ukatoka ukiwa laini, wa puani, umenyooka kama suruali iliyopigwa pasi. Tamsin akamshukuru, akaomba wajaribu tena. Ukatoka vilevile. Mara ya tatu Thad akabonyeza kitufe cha kuongelea.

"Baba, hiyo ni sauti ya simu."

"Sauti ya simu ni ipi?"

Nyuma ya kioo Dewitt aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika.

"Sema kama unavyomwita Mama ukiwa umepoteza funguo," alisema Thad.

Hilo Roscoe alilielewa. Akavuta pumzi, na Lucius akaingia chumbani. Tamsin aliinuka kitini. Walirekodi Lucius akibishana na mashine ya kukatia majani, Lucius akimfundisha binti yake namna ya kukimbia mazoezi mtaani bila kuonekana anakimbia, Lucius akiomba dua ndefu mbele ya chakula ili apate muda wa kuhesabu mapaja ya kuku. Roscoe alisoma na kucheka, alicheka na kusoma, na ilibidi Dewitt asimamishe mitambo mara mbili kwa ajili ya kicheko chake. Alijiona mtu wa maana. Akawaza kwamba Thad atakuwa anaona sasa kipaji amekirithi wapi.

Ndipo Tamsin akamletea kurasa za sehemu ya mwisho wa msimu. Iliitwa Mthamini.

Hakuhitaji kuelezwa. Mtu yeyote mwenye nyumba Heron Glen alijua kinachofanyika benki inapotuma mthamini kuja kukadiria bei ya nyumba. Unashusha picha za familia ukutani. Unaficha vitabu, mafuta ya nywele, kalenda ya kanisa na Yesu mweusi. Halafu unaazima rafiki mzungu, unamkalisha sebuleni aitwe mwenye nyumba, na wewe unapotea. Nyumba ni ileile, paa ni lilelile, lakini bei inayorudi ni nyingine. Watu walifanya hivyo na hawakuzungumza, kama watu wasivyozungumza walivyoharisha.

Katika zile kurasa Lucius anashusha picha moja baada ya nyingine huku akiziomba radhi. Anamfundisha rafiki yake mzungu mahali taa zinapowashwa. Anafika kwenye picha kubwa ya mama yake aliyevaa sare nyeupe ya wahudumu wa kanisa na glavu. Anaizungushia taulo la kuogea lenye bata wa njano, anaibeba kwenda gereji. Halafu anamkuta mama mwenyewe, mzima, ameketi sebuleni, na hajui amfiche wapi. Anamvika shuka.

LUCIUS: Mama, kaa kimya. Leo wewe ni kabati.

Roscoe alifungua mdomo kusoma, akaufunga.

Ni bata wale. Hollis Crump hakuwahi kuwa na taulo la bata. Taulo la bata lilikuwa moja tu, lilikuwa la Thad alipokuwa mdogo, na lilitumika kuzungushia picha mara moja tu, katika nyumba moja tu. Na bata walipoingia, wengine wote wakaingia nyuma yao: tai, pipa la taka, mpira wa maji ulioangushwa, sauti ya puani. Msimu wa kwanza wote na wa pili wote ilimpita kichwani, na ndani yake Hollis hakuwamo hata mahali pamoja. Roscoe aliinua macho. Thad alikuwa anatazama meza. Dewitt alikuwa ameshika waya ambao haukuwa na tatizo lolote. Tamsin aliwatazama baba na mwana, akasema kwenye kipaza sauti kwamba watapumzika kidogo.

Roscoe alibaki mle ndani na karatasi mkononi.

Kilichotokea nyumbani kwake kilikuwa hivi. Mama yake, Zenobia, alikuja kuishi nao baada ya nyonga kumkataa. Vyumba vyote vya kulala vilikuwa ghorofani na yeye ngazi hakuziweza, kwa hiyo alilala kwenye kochi la sebuleni na kubadilishia nguo nyuma ya pazia. Waliomba mkopo wa kujenga chumba chini. Mthamini akaja, akatazama kuta kuliko alivyotazama paa, na bei aliyoiandika ilikuwa ya nyumba nyingine katika mji mwingine. Benki ikakataa. Gary, mzungu aliyefanya kazi na Roscoe kwenye kampuni ya simu, ndiye aliyesema kwamba angekuwa yeye angeomba mthamini wa pili. Na watu wa kanisani wakamnong'oneza Roscoe cha kufanya kabla huyo wa pili hajaja.

Roscoe alikataa katakata. Zenobia Pettway alikuwa amekaa jela akiwa msichana, kule Albany, Georgia, kwa kukaa kwenye kiti cha kaunta ya mkahawa wa wazungu na kugoma kuinuka. Alipigwa, akamwagiwa kahawa ya moto mgongoni, hakuinuka. Mtoto wa mama kama huyo hashushi picha yake. Alisema hivyo mezani, kwa sauti, akagonga meza.

Asubuhi ya siku ya mthamini aliteremka ngazi akakuta misumari mitupu. Mama yake alikuwa amesimama kwa fimbo yake, anaizungushia picha yake mwenyewe taulo la mjukuu. Siku hiyo Roscoe alimfokea mama yake, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Zenobia alisubiri amalize.

"Nilikaa jela kwa ajili ya kiti, Roscoe. Sikukaa jela ili uzeeni nivulie nguo nyuma ya pazia. Chukua kitu hiki ukipeleke gereji, halafu mpigie yule Gary wako simu. Mimi nipelekeni kwenye gari."

Ikawa hivyo. Gary alikuja na uso mwekundu, akaketi kwenye kiti cha Roscoe kama mtu aliyeketishwa juu ya misumari. Zenobia alikaa ndani ya gari la Verdell mbele ya duka kubwa, anakula karanga za kuchemsha na kumlaani mthamini kwa majina ya Agano la Kale. Bei ikarudi imepanda. Chumba kikajengwa, na Zenobia alilala ndani yake mpaka siku aliyofariki.

Lakini siku ile ya mthamini shule ilifungwa mapema. Thad aliingia nyumbani, akaona misumari, akamwona mzungu amekalia kiti cha baba yake, akamwona baba yake gereji ameikumbatia picha ya bibi iliyozungushiwa taulo lake la bata. Hakuuliza kitu. Alipanda ngazi kimya. Roscoe akataka kumfuata amweleze, na mama yake, aliyerudi wakati huo, akamshika kwa mkono wa shati.

"Mtoto asijue ni mimi. Ananiona simba yule. Niachie hiyo."

Roscoe akaahidi. Miaka ikapita, mtoto hakuwahi kutaja, na babaye akadhani amesahau.

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Thad aliingia, akakosa pa kukaa, akaegemea ukuta wa sponji. Kisha Thad akasema alitaka kumwambia tangu msimu wa kwanza, lakini baba yake alikuwa anafurahi mno.

"Mtaa mzima wanajua?" aliuliza Roscoe.

"Ndiyo."

"Hollis?"

"Hollis alinipigia simu siku ya kwanza, Baba. Alisema nimekuonea kwenye viatu, vyako vinang'aa zaidi."

Roscoe aliitikia kwa kichwa. Hilo lilikuwa kweli. Alisema hayo mengine hayamsumbui, tai ni tai, na polisi ni polisi. Ikiwa mtu amefika miaka yake akiwa hai kwa kupunga mkono, basi acha wacheke. Akauinua ukurasa.

"Lakini hii siyo ya kuchekesha, Thad. Hii umeiandika kwa hasira."

"Ndiyo."

"Niambie."

Thad akamwambia. Hakuinua sauti. Alisema kila kitu kingine katika Nyasi Fupi amekiandika akicheka, na akimpenda Lucius, ila hiki. Alisema alikuwa na miaka kumi na moja, na ndani ya nyumba ile alikuwa na mtu mmoja ambaye hakuogopa kitu, na aliingia akakuta ametolewa ukutani ili mzungu apendezwe. Kila sehemu ya katuni ilimalizika kwa maandishi madogo: Kwa Zenobia, aliyegoma kuinuka. Je, Baba alidhani maandishi yale ni ya nini?

"Wangemtoa wao, ningeelewa," alisema Thad. "Ulimtoa wewe."

Sentensi moja ingetosha. Roscoe aliihisi imekaa ulimini, fupi, nyepesi, ya kweli: alijitoa mwenyewe. Angeitamka, mwanawe angemrudia palepale, pengine angelia, pengine wangelia wote wawili kwenye kabati lile la sponji, na uzito wa miaka yote hiyo ungeshuka mabegani. Na Zenobia angeshushwa ukutani mara ya pili, safari hii kwa mkono wa mtoto wake. Thad angesema anaelewa. Wangesema wote wanaelewa, na maandishi yale madogo yasingesomeka tena vilevile. Na yule aliyeomba aachiwe kitu kimoja tu hakuwepo tena wa kusema kama amebadili nia.

Roscoe aliutazama ukurasa. Akaumeza ule ukweli, ukashuka kwa shida.

"Kweli," alisema. "Nilimbeba mimi."

Thad alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alikuwa na maneno yake tayari, ilionekana. Sasa hayakuwa na pa kwenda. Aliteleza chini ya ukuta mpaka akakaa sakafuni, magoti yamepanda juu kama alivyokuwa akikaa utotoni. Akasema ataikata sehemu hiyo. Hakuna atakayejua, wataweka nyingine.

"Usikate," alisema Roscoe. "Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Watu watacheka, halafu watakwenda gereji kuangalia walichoficha. Iache."

"Basi nifanye nini?"

"Toa shuka. Mama hafunikwi shuka, mimi hilo sitalisoma. Mweke kwenye gari, mbele ya duka. Mpe karanga za kuchemsha."

Thad aliinua kichwa.

"Bibi alikuwa kwenye gari? Siku hiyo?"

"Na Mama yako. Bibi yako anakula karanga, anamtukana mthamini. Alimwita mzao wa Ahabu. Alimwita mengine ambayo televisheni haitakuruhusu."

Kicheko kilimtoka Thad kabla hajakizuia. Alikifuta mdomoni kwa kiganja. Akakaa kidogo, kisha akauliza, polepole, kama mtu anayekanyaga ubao asioujua.

"Kwa hiyo alijua. Kwamba picha imetolewa."

"Alijua kila kitu, yule," alisema Roscoe. "Lini ulimficha kitu? Haya, inuka, andika. Yule binti anatusubiri."

Thad aliandika palepale, karatasi juu ya goti. Aliondoa kabati, aliondoa shuka. Badala yake Lucius anamfungia mama yake mkanda wa gari, anampa mfuko wa karanga, na anamwomba ateremke kidogo kwenye kiti asionekane. Alimpa baba yake ukurasa bila kumtazama, akarudi upande wa pili wa kioo.

Roscoe akasoma.

"Mama, teremka kidogo kwenye kiti. Wasikuone."

Tamsin alisema ni vizuri, aombe tena. Akasema tena. Tamsin akamwomba aongeze aibu kidogo, watu wasikie kwamba Lucius anaona aibu kumficha mama yake. Roscoe akasogeza hedifoni, akafikiri.

"Samahani, mwanangu. Lucius haoni aibu ya mama yake. Anaona aibu ya nyumba. Ameinunua, na bado haiwezi kumpa mama yake mahali pa kukaa."

Nyuma ya kioo Tamsin alimgeukia Thad. Thad alikuwa amefumba macho. Aliitikia kwa kichwa tu.

"Basi iseme hivyo," alisema Tamsin.

Mara ya mwisho Roscoe hakuigiza chochote. Alisema maneno yale kama yalivyo, kwa sauti aliyozaliwa nayo, na mwishoni pumzi ikamkatikia kidogo kwenye neno la mwisho. Dewitt, aliyekuwa akicheka tangu asubuhi, hakucheka. Tamsin akasema hiyo ndiyo, hawahitaji nyingine.

Thad alimsindikiza mpaka mlango wa nje. Hawakuwa watu wa kukumbatiana hadharani. Thad alimnyoosha tai, ambayo haikuwa imepinda, akasema atampigia simu. Roscoe akamjibu apige mchana, jioni ana mazoezi ya kwaya.

Verdell alikuwa ndani ya gari, amefungua kioo, anasubiri. Hakuuliza kama amesoma. Uso wa mumewe ulimtosha. Alimwacha akae, afunge mlango, atulie.

"Umemwambia?"

"Hapana."

"Roscoe. Yule ni mtu mzima sasa. Ana haki ya kujua."

"Ana haki ya kubaki na bibi yake," alisema Roscoe.

Verdell alishika usukani bila kuwasha gari. Alikuwepo siku ile. Yeye ndiye aliyemenya karanga, maana vidole vya Zenobia vilikuwa vimeanza kukakamaa. Alijua ahadi ile ilifanywa wapi na mbele ya nani, na yeye hakuwa ameahidi kitu. Angeweza kushuka gari sasa hivi, akapanda ngazi za studio, akamaliza jambo kwa dakika moja. Walilijua hilo wote wawili.

"Na wewe je?" aliuliza mwishoni. "Wewe watakuona mtu wa namna gani? Wataicheka hiyo nchi nzima."

"Mimi nimepata kazi. Kila Alhamisi."

Verdell alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia viatu vya kanisani mpaka juu. Kisha akawasha gari, akamwambia afunge mkanda.